Nta Nyuma ya Skrini ya Mama Kulwa

Gongoni, Tabora
Jioni, baada ya Magharibi

Shabani mwanangu,

Salamu tutapeana asubuhi, kwa hiyo hapa nazipita. Umetoka na wenzako wa kijiweni kwenda kuagana, baba yako yuko uani anafunga ndoo zake za asali, na mimi nimekaa kwenye meza ya ufundi mikono inanuka sabuni. Nimenawa, nikanawa tena, na bado nasikia kichefuchefu. Nimeona niandike, maana nikikusubiri nikuambie kwa mdomo nitakufokea, baba yako ataingilia, na wewe utasema "sawa mama, nimekuelewa" kabla sijamaliza sentensi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Habari za chandarua, za kutokula ovyo njiani, za kupiga simu ukifika, hizo atakupa baba yako. Amezipanga kichwani tangu wiki iliyopita na usipomsikiliza atanuna. Mimi nataka kuzungumza na wewe habari ya kinyaa. Usicheke. Unajua ninavyocheka mimi mwenyewe nikilitamka hilo neno, lakini leo sicheki.

Nimeifungua skrini ya Mama Kulwa.

Naam, ile ya Bukene, ya yule mama mwenye kaduka ka kuchapa barua na kutoa kopi karibu na stesheni. Ile uliyoisukumia chini ya meza ukaifunika gunia, ukaniambia "niachie mama, nitaifungua mwenyewe kabla sijaondoka." Kesho unaondoka na gunia liko palepale. Mchana nilipoinama kutafuta bisibisi ndogo nikaiona, nikasema ngoja nimsaidie mtoto, ana mambo mengi. Laiti ningekaa zangu.

Niliiweka juu ya kanga safi kama ninavyofanya siku zote, nikafunga nywele, nikaondoa skrubu za nyuma, nikaachanisha fremu kwa kile kipande cha kadi ya simu. Hata sijafika mbali, harufu ikanipiga. Asali! Nikajua ni ndoo za baba yako, nikamwambia afunge mifuniko. Akanijibu, "Zimefungwa zote, mama Shabani, hiyo harufu iko huko kwako." Nikasonya. Nikanyanyua kioo taratibu, nikakilaza pembeni, nikatoa ile karatasi laini ya kwanza inayosambaza mwanga, halafu ya pili. Sisimizi! Wakavu, wamelaliana, wamebanwa kati ya karatasi na karatasi, wengine bado wanachezesha miguu. Nikapiga ukelele mpaka baba yako akaja mbio na mfuniko wa ndoo mkononi.

Chini yao kulikuwa na nta. Nta ya nyuki, Shabani, rangi ya kahawia, imeyeyuka ikatiririka kwenye ukingo wa lile bamba la plastiki angavu, ikaganda, ikayeyuka tena. Mkanda wa taa umelegea, umelala ndani ya hiyo nta, taa zake za LED zimebabuka upande mmoja. Na pembeni, ndani ya nta, alama ya dole gumba lako. Nimekulea. Lile kovu la wembe katikati ya dole nalijua.

Kefule!

Nilikwenda nje nikatema mate. Baba yako akainama mezani anachungulia, akagusa kwa kidole, akanusa. "Nta yenyewe nzuri," akasema, "ya msimu huu. Lakini si ilishika?" Nikamwambia atoke mbele yangu kabla sijamtupia mita ya kupimia umeme. Akatoka anacheka. Mwanaume wa asali yule, kwake kila kitu duniani ama kimepakwa nta ama bado.

Sasa nikaelewa siku ile. Skrini ilikuja mara ya kwanza haina mwanga, mimi nilikuwa msibani Nzega. Ulinipigia simu ukaniambia ukimulika tochi karibu na kioo unaiona picha, hafifu, ipo. Nikakuambia basi kioo ni kizima, kompyuta ni nzima, kilichokufa ni taa za nyuma. Ukafungua, ukapima, ukaipata taa moja iliyokufa, ukabadilisha. Nimeiona kazi yako ya kuunga kwa risasi. Nikuambie ukweli ingawa nina hasira: ni safi kuliko yangu. Vidole hivyo sikukupa mimi, umezaliwa navyo, na ndiyo maana roho inaniuma. Ulifanya lile gumu kwa ustadi, halafu ule utepe wa gundi unaopitisha joto ulipokatika, ukaona uvivu kwenda kununua mwingine. Kulikuwa na mpira jioni ile, nakumbuka. Ukanyoosha mkono uani, ukamega nta ya baba yako, ukabandika mkanda wa taa. Nta inanata vizuri. Duniani kote wapo mafundi wavivu, lakini huo uvivu wa nta ni wa nyumba hii tu, ambapo mtu akinyoosha mkono haukosi kugusa sega.

Taa hizi ndogo joto lake hulioni kwa macho. Zinataka kuegemea chuma, joto lipite liende. Wewe ukaziegemeza kwenye nta. Zikachemka, nta ikayeyuka, utamu ukatoka, sisimizi wakasikia harufu wakaingia kwa matundu ya nyuma, wakakuta joto na chakula. Hata ningekuwa sisimizi ningehamia. Haya yote nilikuwa naweza kuyavumilia. Ningekufokea, ungerudia kazi, tungeongea mengine. Kuna mtoto wa fundi asiyeharibu? Mimi mwenyewe, wakati mjomba wako ananifundisha katika kile kibanda chake cha redio kule sokoni, nililifuta bamba kama hili kwa spiriti ili ling'ae, likapasukapasuka ndani likawa jeupe kama jicho la mbuzi aliyekufa. Mara nyingine nilizirudisha zile karatasi laini bila kufuata mpangilio wake, mwenye mali akaja kulalamika kwamba watangazaji wa habari wana vivuli usoni. Mjomba wako hakunifokea. Aliniacha niifungue tivii mbele ya mwenye mali, nirudie. Aibu ile ilinitosha.

Kwa hiyo sinung'uniki kwa sababu ya nta. Nta nimeshaikwangua.

Kilichonichafua roho ni chai.

Mama Kulwa alipoileta skrini hapa wiki hii, wewe hukuwepo, ulikwenda kununua begi. Alifika na basi, skrini ameifunga kwenye shuka la kitandani, akasimama mlangoni akaniamkia "mwangaluka" kama ilivyo kawaida ya watu wa kwao, nikamkaribisha. Hakukaa. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba samahani, "Mama Shabani, skrini yangu ilikuwa inatembea."

"Inatembea vipi tena?"

"Nukta zinatembea. Nachapa, naona nukta mahali ambapo sikuiweka. Naifuta, haifutiki, halafu inahama. Siku moja nilikuwa nachapa kadi za mchango wa harusi, nikawa nafuta nukta, nafuta, nafuta, kumbe nafuta jina la bwana harusi. Nikazitoa zote hivyohivyo. Kadi nzima inamtaja bibi harusi peke yake kama anaolewa na hewa."

Nilicheka, Shabani. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza. Na yeye akacheka kidogo, kwa adabu, halafu akasema familia ile haijamwamkia tena mpaka leo. Ndipo nikaacha kucheka. Akasema mwanga ulianza kufifia upande wa chini, ukawa wa njano, kisha siku moja giza. Tangu hapo duka limefungwa, na wateja wanakwenda kwa kijana mpya aliyefungua ng'ambo ya reli. Nikamwambia pole, tutaitengeneza. Nikamuuliza atakunywa chai.

Akashtuka. Akaangalia meza yangu, akaangalia skrini, akarudi nyuma hatua moja. "Hapana dada. Chai nimeacha."

"Umeacha chai? Unaumwa?"

"Nimeacha kunywa dukani. Kijana wako aliniambia kwenye simu kwamba sisimizi wanafuata chai yangu. Kwamba meza yangu chafu. Nikaisugua kwa sabuni ya unga mpaka rangi ikatoka. Nikaacha chai, nikaacha mihogo, nikawakataza hata wateja wasiingie na kitu mkononi. Hawakuondoka. Labda ni mimi sijui kutunza vitu, mama Shabani. Sisi watu wa kijijini."

Ile "sisi watu wa kijijini" bado iko masikioni mwangu hapa ninapoandika. Mwanamke aliyewachapia barua nusu ya watu wa Bukene, aliyesomesha mapacha wake kwa kopi na laminesheni, amesimama mlangoni kwangu anajiona mchafu. Na uchafu ulikuwa wetu. Ulikuwa wako, ndani kabisa, nyuma ya kioo, mahali ambapo asingeweza kuufikia kwa sabuni yoyote.

Siku ulipopokea simu yake nilikuwepo. Ulikuwa umekaa hapo kwenye ndoo, simu sikioni. Aliposema sisimizi ukatazama uani, kwenye masega ya baba yako. Nilikuona nisijali. Halafu ukasema, "Mama, wewe unakunywa chai karibu na kompyuta, eeh? Basi. Safisha meza." Ulipokata simu ukaniambia, "Hawa wateja wachafu hawa," na mimi, mama yako, nikacheka. Nikaongeza langu. Nikasema nadhani anapikia ugali juu ya kibodi.

Usiniambie hukujua. Mtu asiyejua angeuliza: sisimizi gani, wanatokea wapi, walianza lini? Wewe hukuuliza chochote, kwa sababu jibu ulikuwa nalo kwenye dole gumba.

Nimekaa hapa najiuliza ulijifunza wapi. Jibu silipendi lakini nakuandikia. Ulijifunza kwenye meza hii. Tangu ukiwa mdogo, ukinishikia tochi, ulikuwa unanisikia. Redio ikija na mende, nilipaza sauti mtaa mzima ujue. Tivii ya yule mwenye kibanda cha chipsi ilipokuja na mafuta yaliyogandamana na vumbi, niliishika kwa mifuko ya plastiki na kumwita mwenyewe aje aone. Kiota cha panya ndani ya deki nilikiweka barazani kutwa nzima kama kitu cha maonyesho. Watu walicheka, wewe ulicheka, na mimi nilijiona fundi safi. Nilikuwa nakifundisha kinyaa changu kumtazama mteja. Sikukumbuka kukifundisha kutazama kazi. Kwa hiyo ulikua unajua kukunja uso ukiona mende wa mtu, na hujui kukunja uso ukiona nta yako mwenyewe. Yarabi, nilidhani ni mzaha tu.

Mende wa mtu ni nini? Mtu ana nyumba, nyumba ina mende. Hakuwaweka kwenye redio yake kwa makusudi. Nta mtu anaiweka.

Nakwambia haya kwa sababu kule Mwanza unakokwenda utakuta duka kubwa, mafundi wengi, skrini zimepangwa mpaka darini. Hakuna atakayekujua kuwa wewe ni mtoto wa nani. Watakufundisha njia za mkato ambazo mimi sizijui, na nyingine ni nzuri, zishike. Lakini siku moja utafanya kitu, utakifunga na skrubu, na utajua peke yako kilichomo. Siku hiyo nataka usikie kichefuchefu. Sina urithi mwingine, hiki kibanda si changu na zana umeshazichukua nusu. Nataka usikie kichefuchefu kile ninachokisikia mimi sasa hivi, ukashindwa kula mpaka ufungue tena.

Baba yako atakuambia ninakuza mambo. Ameshaniambia. Atakuambia kwamba wazee wake walikuwa wapagazi, walibeba mizigo kwa njia hii ya kwetu mpaka pwani, na kwamba watu wa njia wanajua, vitu huharibika safarini. Unaijua hiyo hadithi, huwa anaitoa hata chumvi ikipungua kwenye mboga. Mzigo ukilowa ni mto, ukipungua ni mchwa, ukivunjika ni jiwe la njiani. Siku zote kosa liko barabarani. Wageni wanakuja hapa kutazama lile jumba la zamani la Kwihara, wanapiga picha, na baba yako anasimama anasifia misafara kana kwamba ilikuwa sherehe. Mimi yale mambo yananitia kinyaa, nimekuambia tangu zamani. Watu walibebeshwa mpaka mabega yakaoza. Wazee wake siwalaumu kwa kutafuta kisingizio, maana wangepigwa viboko. Wewe nani angekupiga viboko? Ungemwambia Mama Kulwa, "Samahani mama, nilikosea, irudishe niirekebishe." Mama Kulwa! Ambaye akikasirika sana hukuongezea karanga.

Basi, nimeitengeneza.

Nilitaka nikuache uitengeneze wewe, nikaona utaifanya kwa haraka huku unatazama saa. Niliweka barafu juu ya nta mpaka ikawa ngumu, nikaibandua kwa kadi ya simu, punje kwa punje, nisilikwaruze bamba. Sisimizi niliwatoa kwa brashi laini. Huyo wa mwisho alikuwa amekwama kwenye kona, nikamtoa kwa sindano, na hapo ndipo nilipotapika, kama unataka kujua. Nikaosha bamba kwa sabuni kidogo na maji, nikalipangusa kwa kitambaa cha pamba. Mkanda wa taa haukufaa tena, nikaweka mpya, ule niliouagiza kwa ajili ya kazi nyingine. Huyo mwenye kazi nyingine atasubiri. Nimehakikisha urefu, idadi ya taa na volti ni sawa na wa zamani. Nimeubandika kwa utepe wake halisi, ukiegemea chuma. Karatasi laini nimezirudisha kwa mpangilio wake, kioo juu, waya zote mahali pake. Nimeiwasha ikakaa inawaka tangu saa ya alasiri mpaka nimemaliza kuswali Magharibi, nikaigusa mgongo, ni vuguvugu tu. Mwanga wake mweupe, umetanda sawasawa, hakuna nukta. Nimefungua ukurasa mtupu nikautazama muda mrefu. Ni mzuri, Shabani. Ndivyo ulivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Sasa iko kwenye blanketi, imefungwa kamba, iko juu ya begi lako. Kesho unapanda treni ya Mwanza, na treni inapita Bukene.

Nimempigia Mama Kulwa. Sikumwambia habari ya nta. Ulimi ulinivuta kumwambia, nikauma midomo. Nimemwambia tu skrini yake imepona, na kwamba Shabani mwenyewe atakuwa nayo kwenye treni. Akafurahi mpaka nikaona haya. Akasema, "Mwambie asihangaike kushuka na begi, anipe tu dirishani." Hivyo ndivyo alivyo. Hata njia ya kukwepa amekutengenezea yeye.

Unaweza kumpa dirishani. Nakuambia mapema ili usije ukadhani sijafikiria. Treni haikai sana pale. Ukiteremka ukaongea naye kama mtu anavyoongea na mtu mzima aliyemkosea, ukasubiri akuulize maswali, itakuacha. Basi la kukutoa pale mpaka Mwanza linaweza kukufikisha umechelewa, na mwenye duka ameshakuambia kwamba anayechelewa siku ya kwanza nafasi yake anapewa mwingine. Nilikuwepo ulipoongea naye, sauti yake niliisikia. Hatanii. Kazi hiyo umeisubiri kwa muda mrefu na mimi nimeiombea kila swala. Siwezi kukuambia haitapotea.

Nilifikiria kukukatia tiketi inayoishia Bukene. Nilikwenda stesheni na wazo hilo kabisa. Kwenye dirisha la tiketi, zamu yangu ilipofika, nikajionea kinyaa. Ukishuka kwa sababu tiketi imekwisha, utakuwa umeshushwa tu, utasema maneno mawili ukitazama pembeni na Mama Kulwa atabaki na sabuni yake. Kwa hiyo tiketi yako ni ya Mwanza. Iko ndani ya Msahafu wako mdogo, mfuko wa mbele.

Na ukiona kufungua mdomo ni vigumu, kuna kikopo kidogo, kile cha mafuta ya mgando, nimekiweka juu ya nguo. Usikifungue karibu na chakula. Ndani yake ni nta niliyoikwangua, na sisimizi wake wote, na kile kipande chenye alama ya dole lako. Mpe mkononi. Akishakiona atakuwa ameelewa nusu, nusu nyingine malizia.

Baba yako anagonga mlango, anauliza kama nimemaliza kuandika hukumu. Amekutengea chupa ya asali ya kwenda nayo. Nimemwambia aifunge vizuri na aiweke mbali na skrini ya watu, akacheka, na mimi safari hii nimecheka naye. Usidhani sikupendi. Ningekuwa sikupendi ningekupongeza kwa risasi ile safi, nikakupungia mkono, nikarudi ndani kulala.

Mama Kulwa atakuwa amesimama mwisho wa jukwaa, upande wa behewa lako, amevaa ile kanga yake ya kijani. Nimemwomba aje na chupa ya chai na vikombe viwili. Alisita. Akaniuliza, "Karibu na skrini, dada?" Nikamwambia ndiyo, karibu na skrini, Shabani atakueleza.

Ukishuka, mfungulie blanketi, iweke skrini chini katikati yenu, mmiminie yeye kwanza. Mwambie arudi kunywa chai dukani kwake.

Mama yako